Kadi Nne za Ofisi ya Ramani

4 Februari

Mdogo wangu,

Sisi huku wazima. Goti la kushoto la Mama limetulia, la kulia limeanza, na mwenyewe anasema magoti yake yamekubaliana kupeana zamu. Bomba la uani lililokuwa linavuja nimelifunga kwa mpira wa baiskeli na linashika.

Barua hii ni amri. Juzi Mama alinisikia nikikupigia simu, akasikia na tulivyomaliza. Hatukufika hata dakika mbili. Akaninyang'anya simu akasema, "Kama midomo inawagombanisha, andikianeni. Mpaka barua ifike hasira itakuwa imechoka njiani." Ameagiza pia nimsomee kila utakachoandika, mwanzo mpaka mwisho. Nimesema sawa. Ukiwa na la kwangu peke yangu, liweke kwenye karatasi ya pili.

Sasa shida yangu. Ofisi yetu ya ramani ina kompyuta kumi na moja, na hakuna hata moja inayoamka asubuhi bila kubembelezwa. Mkuu ameunda kamati ya kuchagua mpya: mimi kwa sababu ndiye mkubwa wa masjala, fundi wa ofisi, na yule mchoraji tunayemwita Rula, maana hata akiongea anaongea kwa mstari. Mimi ndiye nitakayesaini fomu ya kupokea mzigo. Wauzaji wananitajia prosesa hii, kadi ya picha ile, nami naitikia kama mtu aliyealikwa harusi na hawajui maharusi. Wewe ndiye fundi wa ukoo. Nieleze kama unavyomweleza mtoto.

Dada yako


19 Februari

Dada, shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yake.

Barua imefika. Mimi mzima. Kazi ipo. Mwambie Mama nakula.

Kuhusu kompyuta. Anza na watu, mashine zije baadaye. Wangapi wanaandika barua na kujaza majedwali, na wangapi wanachora? Wanaoandika hawahitaji kadi ya picha. Wanunulie prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake. Lakini uliza, kwa sababu zipo zisizo nao. Ukichukua hiyo bila kadi, mashine itawaka, feni itazunguka, skrini itabaki nyeusi. Watu hurudisha mashine nzima wakidhani imekufa.

Wanaochora ndio wa kadi. Prosesa ni kichwa kinachofikiri, kadi ni mkono unaochora. Kichwa chepesi na mkono mzito, kazi haiendi. Mkono mwepesi wa kasi na kichwa kinachosinzia, nao unakaa ukingoja. Nunua vinavyolingana.

Halafu mazabodi, yaani ule ubao ambao vyote vinakaa juu yake. Prosesa ina tundu lake kwenye ubao, na matundu hayafanani. Isiyo ya hapo hailazimishwi. Hata tundu likikubali, ubao wa zamani unaweza usiitambue prosesa mpya mpaka usasishwe, kwa hiyo muuzaji aiwashe mbele yenu. Pawasaplai, yule mgawa umeme, awe na nguvu ya kuitosha kadi na abaki na akiba, na awe na waya wa kuichomekea. Mwisho pima kasha kwa ndani. Kuna kadi ndefu kuliko kasha. Nimeona mtu akikata bati kwa msumeno.

Mengine ni maneno ya wauzaji.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Mama amesikiliza barua yako akasema ni kama karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa. Lakini aliniambia niisome tena, na ile habari ya msumeno akacheka. Goti la kulia linaendelea na zamu yake. Anauliza utakuja lini. Mwezi ujao Baba anatimiza miaka mitatu kaburini.

Barua yako niliipiga nakala tatu. Fundi wa ofisi alitikisa kichwa akasema, "Huyu anajua." Nikajiona mrefu. Tumehesabu watu: saba wanaandika, wanne wanachora. Wauzaji watatu wameleta orodha. Wa kwanza ghali na atachelewa. Wa tatu ameandika vitu ambavyo fundi anasema havijawahi kuzaliwa. Wa pili ana kila kitu, mzigo uko tayari, na Mkuu amempenda kabla hata hatujakaa. Nimeambatisha orodha yake pamoja na anwani ya ghala lao. Naona wapo mji huohuo wa kwako, labda unawafahamu. Soma hasa kwenye zile kadi nne za chumba cha wachoraji. Jibu mapema, kamati inakaa mwisho wa mwezi.

Dada yako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujapata barua yako. Mama anasema posta. Mimi sisemi kitu.

Kamati imekaa. Tumemchukua wa pili. Rula alitaka tusubiri jibu lako, Mkuu akasema ofisi ya umma haimsubiri mdogo wa mtu. Mzigo unakuja baada ya wiki mbili.

Tarehe tatu tulikwenda kwa Baba, mimi na Mama. Tulipalilia. Mama alitaka kukaa na hakukuwa na pa kukaa, nikamvulia koti akalikalia. Tulirudi mchana.

Kama unaumwa, sema.

Dada yako


21 Aprili

Dada, shikamoo. Shikamoo kwa Mama.

Siumwi. Nilikuwa na kazi nyingi.

Nimesoma orodha. Kwenye karatasi vinaendana. Prosesa inakubali tundu la ule ubao. Pawasaplai inatosha. Kadi zinaingia kwenye kasha.

Fomu ya kupokea unaisaini siku hiyohiyo au mnapewa muda?

Mdogo wako


13 Mei

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Ameanza kutembea mpaka dukani na kurudi, na anataka uandikiwe hivyo.

Mashine zilifika tarehe ishirini na tisa. Zilipangwa kwenye meza, maboksi yakarundikwa koridoni mpaka mlango wa Mkuu ukawa haufunguki. Wale saba wa kuandika wana furaha, zao hazina neno. Wachoraji walifurahi siku mbili. Siku ya tatu Rula alifungua ramani kubwa ya mifereji ya maji machafu, ile yenye mji mzima, skrini ikawa nyeusi. Akawasha upya, akafungua, ikawa nyeusi. Sasa anachora mji vipande vipande kama mtu anayekula ugali wa moto pembeni pembeni. Wenzake watatu hivyohivyo. Tarehe sita fundi alifungua mashine moja mbele yangu kupuliza vumbi ambalo halikuwepo.

Aliyetuuzia alimtuma bwana wa mauzo. Bwana huyo akatazama ukutani akasema nyaya za jengo letu ni mbovu.

Uliuliza kuhusu fomu. Tunapewa siku thelathini na tano. Mkuu ananiuliza kila asubuhi, kwa upole. Mwisho ni tarehe tatu Juni.

Dada yako


22 Mei, karatasi ya kwanza

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nimefurahi kusikia Mama anafika dukani. Atembee asubuhi kabla ya jua. Mimi mzima. Huku mvua imenyesha.

Mdogo wako


Karatasi ya pili

Dada, hii ni yako.

Usisaini.

Zile kadi nne nilizitengeneza mimi. Mimi si fundi mkuu mnayemdhani. Sijawahi kuwa. Nilimwambia Mama kwamba ndicho cheo changu mwaka wa kwanza, na baadaye ikawa vigumu kuyarudisha maneno. Nakaa chumba cha nyuma cha ghala. Kadi kuukuu zinaletwa kwenye magunia, zimetolewa kwenye mashine zilizofanya kazi usiku na mchana mpaka zikachoka. Naziosha. Nabandua lebo kwa hewa ya moto, nabandika mpya. Kisha nabadilisha programu iliyo ndani ya kadi, ili kompyuta ikiuliza "wewe nani?" kadi ijibu jina la kubwa na jipya, na iseme ina kumbukumbu mara nne ya iliyonayo. Kazi ndogo inaiweza. Ukiipa kazi kubwa inatafuta nafasi ambayo haipo, inazima. Nyaya za jengo lenu hazina kosa.

Orodha yako niliipata tarehe ishirini na mbili Machi. Nilijua kabla sijamaliza kuisoma. Wiki mbili baadaye tajiri wangu, mwenye ghala, aliniletea oda ya kadi nne na jina la ofisi yenu juu yake. Nilizimaliza saa tisa, nikanawa, nikala, nikalala vizuri. Nimeandika hili kwa sababu ndilo ninaloliogopa, kuliko kazi yenyewe. Tangu simu ile ya msiba wa Baba mambo yananipita kama yanatokea nyumba ya jirani. Siku ya mazishi tajiri alininyima ruhusa, sikubishana. Nilibandika lebo siku nzima.

Fanya hivi. Mwite muuzaji, Mkuu awepo. Fundi wenu atoe kadi moja, afungue skrubu za nyuma, aondoe lile bati la kupoza. Chini yake kuna chipu yenye ute wa kijivu. Afute. Namba iliyochongwa juu ya chipu ndiyo jina lake la kuzaliwa, hiyo siwezi kuibadilisha. Wailinganishe na lebo.

Wakiuliza umejuaje, nitaje.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Mama mzima. Nitarudi kwake mwishoni.

Tulikaa tarehe mbili, siku moja kabla ya mwisho, kwenye chumba cha wachoraji. Mkuu, bwana wa mauzo, fundi, Rula na mimi. Fomu ilikuwa mezani na kalamu juu yake, Mkuu ndiye aliyeiweka. Nilisema kabla ya kusaini nataka kadi moja ifunguliwe.

Bwana wa mauzo akacheka kidogo. "Mama, kompyuta yenyewe inakuonyesha jina la kadi hapo kwenye skrini. Unataka nini zaidi?"

"Kompyuta inasema ilichoambiwa," nikamwambia. "Ifunguliwe."

Alisema tukifungua tunapoteza dhamana. Mkuu akaniangalia. "Una uhakika na unachofanya?"

"Ninao."

Fundi alifungua. Ule ute aliufuta kwa leso yake mwenyewe. Rula akaleta lenzi anayosomea ramani za zamani, akaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, fundi akaitafuta kwenye simu yake. Ilikuwa kadi ya miaka tisa iliyopita, ya watoto kuchezea michezo. Chumba kizima tulisikia feni za mashine nyingine. Bwana wa mauzo hakumuuliza fundi wala Mkuu, aliniuliza mimi. "Nani kakwambia ufungue?"

Nilifunika kalamu nikamrudishia Mkuu.

Sikusaini. Bila sahihi yangu mzigo hauwezi kuhesabika umepokelewa, kwa hiyo mashine za wachoraji zimefungwa kwa kamba na wakaguzi wameitwa. Na mimi nimehamishwa. Tangu Jumatatu niko stoo ya ramani za zamani, ghorofa ya chini. Barua ya uhamisho inasema ni kwa ajili ya kuboresha utendaji.

Sasa nikuambie ninachokifahamu. Tarehe sita Mei, fundi alipofungua ile mashine ya kwanza, nyuma ya kadi palikuwa na kijikaratasi chenye namba iliyoandikwa kwa kalamu, kidogo kama ukucha. Namba ilikuwa na saba mbili, zote zina mkanda katikati, na mkia umekunjwa kushoto kama alivyotufundisha Baba ili saba isije ikasomwa moja. Nilikibandua nikakitia kwenye mfuko wa sketi. Nilijua siku hiyo. Barua ya tarehe kumi na tatu niliiandika nikiwa nacho. Sikukuuliza kwa sababu nilitaka nione utafanya nini ukiachwa. Huo nao haukuwa wema. Nilidhani nitakasirika. Nilikwenda nyumbani nikafua nguo, hata zilizokuwa safi.

Kama nimekusamehe sijui. Bado halijanifikia.

Mama nilimsomea karatasi ya kwanza. Akasikiliza ile ya mvua mpaka mwisho, kisha akasema, "Na hiyo nyingine uliyoikalia?" Nilimsomea yote. Ile ya siku ya mazishi alinirudisha nyuma, nikaisoma mara mbili. Halafu akauliza, "Zipo nyingine?"

Nikamwuliza nyingine zipi.

"Hizo kadi. Zilizokwenda kwa watu ambao hawana mdogo wao huko."

Nakuletea wewe swali lake.

Dada yako


5 Julai

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo. Kuanzia leo naandika karatasi moja.

Zipo, Mama. Nilikaa na kalamu siku tatu. Nakumbuka ofisi kumi na nne, kwa sababu maboksi huandikwa anwani kabla ya kutoka na mimi ndiye niliyekuwa nayafunga. Kuna shule mbili, chama cha akiba, wachapaji wa vitabu, zahanati moja, zilizobaki ni ofisi za kawaida. Huenda zipo nilizosahau.

Nilimwambia tajiri kwamba ninaacha. Alikuwa anakunywa chai. Alidhani nataka nyongeza. Nikamwambia ni mimi niliyemwambia dada yangu. Akaweka kikombe chini, akanitazama muda mrefu kama anayenitafutia jina.

"Mimi nilikuokota wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Na mikono iliyobandika ni yako. Yangu haijagusa hata moja."

Nikasema ni kweli. Akanyoosha mkono nikampa funguo. Ilikuwa hivyo tu. Nilipofika nje nilisimama kidogo kuona kama kuna kitu nitakisikia. Gari la taka lilipita. Nikaenda chumbani kwangu.

Wakaguzi wenu walinipata tarehe ishirini na nane. Niliwaandikia maelezo kurasa tisa na kusaini kila moja. Wameniambia nisihame mji bila kuwaarifu na kwamba kesi ikifika mbele nitasimama, lakini upande gani hawajajua. Sikuuliza.

Nimewaandikia wote kumi na nne. Kila ofisi barua yake, kwa mkono. Nimeeleza kadi ikoje, waifungueje, waangalie wapi, na mwisho nimeandika jina langu na anwani. Nimezipeleka posta leo. Karani alinihesabia stempu akaniuliza kama ni mialiko.

Mdogo wako


24 Julai

Mdogo wangu,

Mama anasema umefanya vizuri kuandika jina. Hakusema zaidi, na wewe unajua yeye neno moja kwake ni gunia. Dukani sasa anakwenda bila fimbo.

Stoo si mbaya. Vumbi lipo, lakini kuna dirisha lililo sawa na barabara, na ramani za zamani zimechorwa kwa mkono na watu waliokuwa na subira. Naona miguu ya wapita njia tu. Nimeanza kuwajua watu kwa viatu. Chakula cha mchana Rula anashuka tunakula pamoja, haongei sana. Juzi alinipa habari: wachoraji wameletewa mashine nyingine kutoka kwa muuzaji yule wa kwanza, na safari hii fundi alisimama mlangoni na barua yako ya Februari, akitia alama kila kitu kilipowashwa mbele yake. Ramani ya mifereji imefunguka yote. Mkuu alipita, akaiona, akasema "vizuri," akaendelea na safari zake. Kunirudisha juu hakujatajwa na mimi siendi kuomba.

Kuhusu siku ya mazishi. Miaka mitatu nimekuwa na maneno ya kukuambia. Niliyatafuta jana usiku ili nikuandikie, nikayakosa. Labda nimeyatumia yote kwenye simu. Nilichokuta ni hiki tu: siku ile watu walipoondoka nilikuwa nahesabu viti vya kukodi ili virudishwe, vilikuwa themanini, nikahesabu mara nne kila mara napata sabini na tisa. Kumbe kimoja nilikuwa nimekikalia. Sijawahi kumwambia mtu.

Wamejibu hao kumi na nne?

Dada yako


18 Agosti

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo. Nafurahi kuhusu fimbo.

Wamejibu wawili. Mmoja ni mwanasheria wa chama cha akiba, ananitaka nisiwasiliane nao tena. Barua nyingine ni ya ile zahanati. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja: "Tumepokea barua yako. Fomu tulishasaini mwaka jana." Chini kuna sahihi ya mpiga picha za mifupa.

Niliisoma asubuhi, nikaisoma tena mchana. Hakuna lawama ndani yake. Wakishasaini, hakuna pa kurudisha. Niliwaarifu wakaguzi ninakokwenda, kisha nikawaandikia zahanati kwamba naweza kuja kuitazama mashine, bila malipo, wakitaka. Wakajibu: Jumanne, saa mbili, mlango wa nyuma.

Nilienda na kadi yangu mwenyewe, iliyokuwa kwenye kompyuta yangu ya chumbani. Ndiyo niliyokuwa nayo halali. Njiani nilikuwa na wasiwasi na kasha lao, maana nililikumbuka ni fupi, na pawasaplai tuliyowapa ni dhaifu. Lakini yangu ni ndogo, haihitaji waya wa ziada. Haina sifa kubwa. Ikiulizwa jina inasema lake.

Chumba ni kidogo, kina pazia zito na benchi nje. Kwenye benchi walikaa mama na mtoto wa miaka kama sita, mkono umefungwa kwenye ubao kwa kanga. Mpiga picha ni mwanamke wa umri wako, miwani imefungwa kamba. Hakunisalimia. Alisema, "Hii ikizima, naiwasha, naingojea, naiomba. Mara nyingine wagonjwa watatu mpaka wanne wananisubiri huku naiomba."

Nikasema ndiyo.

"Wewe ndiye uliyeandika barua?"

"Ndiye mimi."

"Na ndiye uliyebandika?"

"Ndiye."

Alinitazama. Nilingoja aseme. Nilikuwa tayari kwa chochote, Dada, nilikuwa nimeshajipangia majibu ndani ya basi. Alivuta kiti chake mwenyewe, kilikuwa kimoja tu chumbani, akakisukuma kwa mguu mpaka ilipokuwa mashine, yeye akasimama ukutani na mafaili yake mkononi.

Nikakaa. Nilifungua kasha, nikatoa ile ya uongo, nikachomeka yangu, nikakaza skrubu. Iliwaka bila shida. Yule mama akaingia na mtoto. Nilitaka kutoka, mpiga picha akasema nibaki, isije ikazima tena. Akampiga picha. Kisha mkono wa mtoto ukatokea kwenye skrini, mweupe, mfupa mmoja mrefu umepasuka mstari mwembamba karibu na kifundo. Tulingoja. Akaukuza. Akaukuza tena mpaka ule mstari ukajaa skrini. Haikuzima.

Alimweleza yule mama kwamba umepasuka tu, haujakatika, wiki nne utakuwa umeshika. Yule mama akashukuru, akamshukuru mpiga picha, akanigeukia na mimi akanishukuru, akidhani mimi ni wa hapo.

Walipotoka mpiga picha alikuja akainama kunitazama usoni. Akaniuliza kama ni vumbi la ndani ya mashine limeniingia machoni.

Nikamwambia ndiyo, ni vumbi.

Mdogo wako